Tunapolitafuta jina letu kwenye simu



Wengi wetu tunalifahamu jambo hili, ingawa hatulisemi. Jumapili tumesoma somo, tumeongoza wimbo wa katikati, au, kwa sisi mafrateri tulio likizo, tumepewa nafasi ya kutoa tafakari. Usiku tunafungua grupu la WhatsApp la parokia, tunagusa alama ya kutafuta, tunaandika jina letu. Mara moja simu inatuletea kila ujumbe wenye jina hilo.

Sifa kumi zinatufurahisha hadi asubuhi tu. Lakini neno moja, "alirefusha mno", tunalibeba wiki nzima. Tunapokutana jumuiyani na aliyeliandika, tunampa mkono huku tukiangalia pembeni. Na tusipotajwa kabisa, hapo ndipo tunaumia zaidi.

Je, ni dhambi kutaka kujua watu wanasemaje? Hapana. Yesu mwenyewe, njiani kuelekea vijiji vya Kaisaria Filipi, aliwauliza wanafunzi wake watu wanamnena kuwa nani (Mk 8:27). Ila tuangalie namna alivyouliza. Aliuliza waziwazi, aliwauliza rafiki zake, wala hakubaki kwenye jibu. Petro alipomkiri kuwa Kristo, Yesu alianza kuwafundisha habari za mateso na msalaba. Sisi tunauliza kwa siri, tunakiuliza kifaa, na tunaishia kwenye jibu.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu alifariki katika monasteri ya Lisieux, Ufaransa, mwaka 1897, akiwa na miaka 24. Nje ya kuta zile wachache tu walimjua. Mwaka 1927 Papa Pio XI alimtangaza msimamizi wa misioni. Hakuishi kulisikia jina lake likitajwa duniani kote, na utakatifu wake haukupungua kwa hilo.

Basi anayetaka kujirekebisha amwulize mlezi wake, paroko, au mama mmoja mkweli wa jumuiya, uso kwa uso. Na ile saa ya usiku tuirudishie kazi yake ya kutafiti dhamiri. Badala ya kutafuta tumetajwa wapi, tujiulize leo sisi tumemtaja nani, na kwa maneno gani. Maana yupo mwenzetu ambaye usiku huu naye analitafuta jina lake, na huenda atakutana na maneno yetu.