Barua ya Wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Reli ya Kusini Isitegemee Tena Mzigo Mmoja

Mheshimiwa Waziri,

Serikali inapopanga reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye michepuo ya Mchuchuma na Liganga kwenye makaa ya mawe na chuma, naomba ikumbuke kwamba Kusini iliwahi kuwa na reli na ikanyang'anywa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, ikaanzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga hizo Mtwara ilipata bandari ya kina kirefu, bandari ya zamani ya Mikindani ikaachwa nyuma, na reli ikajengwa hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ulifutwa kwa hasara ya pauni milioni 36 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na vyuma vyake kung'olewa, kwa maelezo kwamba haina mzigo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi za Kusini. Mzigo ulikuja, njia ilikuwa imekwisha kuondolewa, kwa sababu tangu mwanzo hakuna aliyeipima kwa mahitaji ya mkulima wa Masasi.

Wapo watakaosema tumejitawala tangu 1961, tuache kumsingizia mkoloni. Wana hoja: viwanda vya korosho vya miaka ya 1970 vilikwama mikononi mwetu, na daraja la Rufiji tulilingoja hadi 2003. Lakini kilichodumu kuliko utawala wa kikoloni wenyewe ni kipimo chake, cha kuithamini Kusini kwa kile kinachotoka huko. Korosho nyingi bado huondoka ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Hasira za Mtwara mwaka 2013 juu ya bomba la kupeleka gesi yao Dar es Salaam ziliitwa ubinafsi wa kimkoa. Mimi naziona kama swali halali lililojibiwa kwa nguvu.

Wengine watasema reli haitajilipa bila chuma na makaa ya mawe. Ni kweli, na hapo ndipo penye hatari: bei ya makaa ikianguka, ya karanga yatajirudia. Kwa hiyo mkataba wa reli uandikwe ukiwa na treni za abiria, maghala ya vyama vya ushirika katika vituo vya njiani, ardhi na umeme kwa wabanguaji, na barabara ya uhakika hadi kivuko cha Kilambo, ambako Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma wanafanya biashara kuvuka mpaka uliochorwa na Wajerumani na Wareno. Masharti hayo yawekwe wazi kwa wananchi kabla mkataba haujasainiwa.