Ni Nani Shujaa wa Kisa Hiki?

Vijana hupenda visa vya vita, na katika visa hivyo hakuna kipendwacho kuliko kile cha askari wa ndege aliyeangukia nchi iliyotekwa na adui. Ndege imetunguliwa, yeye ameshuka kwa mwavuli, amevua sare akavaa koti la mkulima, na kwa jina lisilo lake amepita mbele ya adui zake hata akafika kwao salama. Nisahihishapo insha za ushujaa humkuta huyu, na kila mara sifa zote hupewa yeye. Mimi nakataa.

Jina lile jipya alilipata wapi? Katika Ubelgiji na Ufaransa, tangu mwaka 1941, walikuwapo raia waliowaficha watu kama hawa, wakawatengenezea vitambulisho vya uongo, wakawapitisha njia iliyoitwa Comète: kutoka Brussels hadi Paris, kisha kwa miguu juu ya milima ya Pyrenees mpaka Hispania. Mmoja wa walioianzisha alikuwa binti wa miaka 24, Andrée de Jongh. Mgeni alifundishwa hata kutembea na kula, kwa maana Mmarekani aliweza kujulikana kwa namna ashikavyo uma tu. Asiyejua lugha, na wengi hawakuijua, aliambiwa ajifanye bubu. Huyo ndiye shujaa wetu: mtu mzima aongozwaye njiani kama mtoto, naye ameamriwa asifumbue kinywa!

Wapo watakaonijibu kwamba naye roho yake ilikuwa hatarini. Sikani. Mwaka 1944 askari wa ndege 168, waliokamatwa wakijificha Ufaransa, walitupwa katika kambi ya mateso ya Buchenwald. Walakini kwa kawaida askari aliyekamatwa, akathibitisha uaskari wake, alifungwa kama mateka wa vita chini ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929. Mama aliyemlaza darini mwake hakuwa na mkataba. Yeye alingojewa na risasi au kambi ya mateso, na pengine jamaa zake pamoja naye.

Andrée alikamatwa Januari 1943, karibu na mpaka wa Hispania. Alipokiri kwamba yeye ndiye kiongozi, Wajerumani hawakusadiki, msichana angaliwezaje? Alipelekwa Ravensbrück, kisha Mauthausen, akaokoka. Baba yake Frédéric, mwalimu wa shule kama mimi, alikamatwa Paris mwaka ule ule kwa kusalitiwa, akapigwa risasi tarehe 28 Machi 1944. Na msaliti, Jacques Desoubrie, aliingia miongoni mwao akijiita Jean Masson. Basi, wale wasifuo werevu wa jina la uongo na wanieleze: ikiwa jina hilo ni ushujaa, mbona mhaini naye alilivaa, tena likamkaa vizuri?

Baada ya vita Andrée alikwenda kuwauguza wenye ukoma, Kongo na baadaye Ethiopia. Wanafunzi wangu, ambao Ethiopia ni jirani yao, hawakupata kulisikia jina lake.

Muhula ujao nitaitoa tena insha ile ile. Atakaye kumleta askari wake na mwavuli wake, na amlete. Lakini nitataka kujua ni nani aliyemfungulia mlango usiku ule, na walilala watoto wangapi ndani.