Seti mkononi, mbegu mezani

Msomaji wangu, umewahi kushika karata nzuri halafu ukajuta kwa nini umegawiwa?

Basi bwana, Desemba hiyo nilikuwa ukweni Ihanja, kule Ikungi mkoani Singida. Mvua zimeshaanza, watu wanazungumzia alizeti tu. Jioni chini ya mwarobaini ikachezwa wahedi wa sitini, wawili kwa wawili. Mwenzangu shemeji yangu, mdogo wake mama watoto. Kwanza dau lilikuwa soda, mara likageuka noti. (Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inataka leseni, mwarobaini hauna.)

Anayejua anajua: ree pointi 11, seti 10, mezani zote ni 120, ukifika 61 umeshinda. Sisi tulikuwa na 43. Mimi nikaanza na garasa la shupaza, mpinzani akatupa ree ya shupaza. Zamu ya shemeji: ana seti ya turufu, na nyuma yake kabaki mtu mmoja. Ree ya turufu haijaonekana.

Akinyamaza, 11 zinaondoka. Akikata, anavuna 21, tunafika 64, mchezo umekwisha. Kinachoiua seti ni ree peke yake, na kwa upande wake ree ingeweza kuwa kwa yeyote kati yetu watatu. Kwa hiyo karibu mara mbili katika tatu anapona. Mimi nilijua sinayo, lakini tulikatazana kukonyezana, nikaangalia chini.

Akakata. Yule wa mwisho akacheka, akaishusha ree taratibu kama anaweka chai.

Wakamcheka hadi kuku wakakimbia. Mimi nasema hadi leo alicheza sawasawa. Hata kwenye poka ya Wazungu, mwenye ree mbili akikutana na mwenye wafalme wawili hushinda kama mara 82 katika 100. Zile 18 lazima zimwangukie mtu, na siku hiyo akiangukiwa haina maana kacheza vibaya.

Kosa lilikuja baadaye. Jamaa kanuna, akatoa kitambaa mfukoni, akafungua pesa ya mbegu ya alizeti, akaweka dau mara mbili. "Bahati ina deni langu!" Bahati gani yenye daftari? Karata zikichangwa upya hazikumbuki nani kaliwa. Safari hii hakuwa hata na turufu moja ya maana. Nilitakiwa kunyanyuka, meza ya wanne haichezeki na watatu. Sikunyanyuka. Nami nilitaka kurudisha changu.

Asubuhi mkewe akanikuta nikipiga mswaki.

"Shemeji, jana na wewe ulikuwepo pale?"

Nikamwambia nilikuwepo. Sikumwambia nilikuwa mwenzake.

Wiki ijayo, panapo majaliwa.