Wahandisi wa Kolwezi waache kuazimisha sahihi

Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 ilitenga kazi za ukandarasi mdogo kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani na zilizoanzishwa na Wakongomani. Kwa mhandisi wa kujitegemea mjini Kolwezi, kati ya migodi ya shaba na kobalti, hiyo ilionekana kuwa habari njema. Lakini sheria inataja kampuni. Yeye ana shahada na simu tu. Hapo ndipo hujitokeza mwenye fedha anayetafuta jina la Kikongomani: weka sahihi, utapata chako.

Anayefanya kazi peke yake hukataa kwa shida. Ndiyo maana Lualaba inahitaji mtandao wa wahandisi, ambamo mtu wa umeme, wa udongo na wa mabwawa ya mabaki ya migodi wataungana, wasajili kampuni yao na kuomba kazi kwa jina lao. Watu wapo. Mpango wa kuondoka kwa hiari wa 2003 na 2004 pekee uliwatoa Gécamines wafanyakazi zaidi ya 10,000, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi bado kinafundisha wahandisi.

Kuchagua rais na makamu (kazi inayopendwa kuliko zote) kunaweza kusubiri. Kwanza wanachama wakubaliane kwamba hakuna ripoti itakayotoka bila kukaguliwa na mwenzao, na kwamba anayeazimisha sahihi anaondolewa, hata akiwa ndiye mlipaji mkubwa wa ada. Bwawa likipasuka, wanaoishi chini yake hawataulizwa ni nani aliyetia sahihi.