Samaki Simba Anahitaji Palizi: Barua ya Wazi kwa Tume ya Florida

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume ya Uhifadhi wa Samaki na Wanyamapori ya Florida,
Tallahassee, Marekani.

YAH: WAPIGA MBIZI WA BURUDANI NA UDHIBITI WA SAMAKI SIMBA

Waheshimiwa,

Mimi ni mzaliwa wa pwani ya Afrika Mashariki, na sasa napiga mbizi katika maji ya Florida. Kati ya aina mbili za samaki simba zilizovamia bahari yenu, moja, Pterois miles, ni mwenyeji wa miamba ya kwetu. Huko hana kosa. Ukimkuta kajibanza chini ya jiwe, unampisha na miba yake, unaendelea na safari yako. Kwa hiyo ninayowaandikia hapa yanahusu maji yenu tu. Msomaji wa Tanga au Malindi asije akachukua mkuki kwa ajili ya barua hii.

Kwenu mambo ni mengine. Samaki huyu alionekana mara ya kwanza karibu na Dania Beach mwaka 1985, na inaaminika alitokana na samaki wa mapambo waliofugwa matangini kisha wakaachiwa baharini. Jike hutaga kila baada ya siku chache, na kwa mwaka mayai yake yanaweza kufika milioni mbili. Samaki wadogo wa Atlantiki hawakuzaliwa wakimwogopa. Huwatandazia mapezi, akawabana kwenye kona, akawameza. Katika miamba ya Bahamas iliyochunguzwa kati ya mwaka 2008 na 2010, uzito wa jumla wa samaki anaowala ulishuka kwa asilimia 65.

Ni nadra samaki simba kushika ndoana, na nyavu hazipiti salama kwenye matumbawe anakoishi. Hubaki njia moja: mtu ashuke mwenyewe, amwone, amchome. Ndiyo maana wapiga mbizi wa burudani wamekuwa jeshi lenu, na hapo nawapa haki yenu. Mmeruhusu avuliwe bila kikomo cha idadi wala ukubwa. Hamumdai leseni anayemvua kwa mkuki wa mkono. Mwaka 2014 mlipiga marufuku kumwingiza Florida akiwa hai, na tangu 2016 mnaendesha shindano la kila mwaka linalowatoa watu vitandani alfajiri kwenda baharini.

Lugha yangu ni ya mkulima zaidi kuliko ya mshindani: kazi hii ni palizi, nanyi mnaiendesha kama mavuno. Zawadi kubwa huenda kwa aliyeleta samaki wengi. Basi mshindani mwenye akili hufuata walipojaa, akabeba anaoweza, akauacha mwamba wenye wachache kwa kuwa haumpi pointi. Lakini huo wenye wachache ndio ambao kwa jitihada kidogo ungeweza kupona! Na ule aliouvuna, asiporudi, utajaa tena kwa vifaranga wanaoletwa na mikondo kutoka mbali.

Sayansi inatupa matumaini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanyika kwenye miamba ya Bahamas, ulionyesha kwamba si lazima samaki simba amalizwe. Pale walipopunguzwa hadi chini ya kiwango fulani na kuzuiwa wasipande tena, uzito wa samaki wenyeji uliongezeka kwa asilimia 50 hadi 70. Pale walipoachwa, wenyeji waliendelea kupungua. Kinacholeta tofauti ni kurudi mahali pale pale.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Kwanza, vipeni vilabu vya wapiga mbizi miamba ya kulea. Kila klabu iwe na mwamba wake unaojulikana, iurudie mwaka mzima, iandike imekuta wangapi, imetoa wangapi na imeacha wangapi. Kisha mtuze waliouweka mwamba wao chini ya kiwango, hata kama siku ya kupima walikuja na ndoo nusu.

Pili, msiwatume watu wa burudani kusikowafaa. Mpaka wao ni mita 40, na samaki simba wameonekana hadi mita 300. Huko chini ni kazi ya mitego. Ipo iliyokwisha kubuniwa, ambayo hulala wazi chini ya bahari na kujifunga tu inapovutwa juu, hivyo haiendelei kuua samaki ikipotea. Fedha ziende huko pia, maana walio kwenye kina kirefu nao hutaga.

Tatu, mafunzo yatangulie zawadi. Samaki huyu ana miba 18 yenye sumu, na anayekimbizana na saa husahau hewa iliyobaki kwenye mtungi wake. Kila anayejiandikisha ajue kumhifadhi samaki bila kuchomwa, kutuliza maumivu kwa maji ya moto yasiyounguza, na kutovunja matumbawe akimfukuza mmoja aliyeingia pangoni. Mwamba unaolindwa kwa kuvunjwa haujalindwa.

Najua mtaniambia kwamba mashindano huvuta watu na magazeti. Ni kweli, na sisemi myafute. Yawe siku ya kufungua msimu wa palizi, kazi yenyewe iendelee miezi yote inayofuata. Watu mnao, nao wanajilipia mitungi, boti na mafuta kwa hiari yao. Wanachokosa ni kupangiwa kazi. Mwaka huu, kabla hamjatangaza zawadi, tangazeni orodha ya miamba na klabu inayohusika na kila mmoja.

Wenu,
Mpiga mbizi wa burudani, Florida.