Natasha wa Ziwa Mweru
Ukipita ufukweni Nchelenge, Zambia, palipoanikwa chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, ukamsikia mama mwenye kitenge kiunoni akiita “Natasha!”, usidhani kaiga Urusi. Kule jina hilo ni kifupi cha Natalia, lenye mzizi wa Kilatini unaohusu kuzaliwa kwa Kristo. Kwa Kibemba ni sentensi nzima: nimeshukuru. Nalipenda mno, maana shukrani ya mama hurudiwa kila binti anapoitwa, iwe kwa chakula au kwa kukaripiwa. Jina Chola, la Kibemba pia, hupewa mtoto azaliwaye baada ya mapacha, kama Shija wa Usukumani anavyowafuata Kulwa na Doto; ukilisikia tu, umejua walitangulia wawili. Mama mjamzito, kabla hujaokota jina kwenye simu, muulize kwanza bibi yake mtoto.