Bodaboda Rombo: mlima mkali, breki za kale

MKUU, makao makuu ya Wilaya ya Rombo mkoani Kilimanjaro, imekaa ubavuni mwa mlima, na wakazi wake hupanda na kuteremka tangu alfajiri. Barabara ya lami itokayo Marangu kupitia Mwika hadi Tarakea si tatizo kubwa. Taabu huanza pale dereva wa bodaboda anapoiacha lami na kushika njia ya udongo kuelekea migombani, nyuma amepakia abiria wawili, au mkungu wa ndizi na mzigo wa majani ya ng'ombe.

Hapo ndipo gurudumu la mbele huinuka. Vijana wa mijini hulinyanyua kwa mbwembwe. Huku huinuka bila kuombwa. Pikipiki ya biashara ina takribani mita 1.3 kati ya magurudumu mawili. Kitovu cha uzito kikiwa kimo cha mita moja, mlima unaopanda mita moja kwa kila mita tano huusogeza uzito huo nyuma kwa sentimita 20. Abiria wa pili wa "mshikaki" naye tayari ameketi juu ya gurudumu la nyuma. Dereva akiachia klachi kwa pupa katika gia ya kwanza, injini ya nguvu farasi 12 yatosha kuwamwaga wote watatu.

Pikipiki kubwa zimekwisha kupatiwa dawa. Yamaha R1 ya mwaka 2015, yenye nguvu farasi karibu 200, ilikuja na sensa zinazopima mwinuko wake, na kompyuta hupunguza nguvu mara gurudumu la mbele linapoanza kupaa. Bei yake, hata hivyo, ingenunua Boxer kumi. Dawa ya Mkuu ni kuacha mshikaki, jambo ambalo dereva mwenye deni la hesabu ya tajiri hulisikia kwa sikio moja.

Breki ni suala jingine, nalo halina udhuru huo. BMW ilianza kuuza pikipiki yenye ABS, mfumo unaozuia gurudumu kujifunga, mwaka 1988. Umoja wa Ulaya uliulazimisha mwaka 2016 kwa aina mpya za pikipiki zenye injini inayozidi cc 125, na India ikafuata mwaka 2018. India ndiko zitokako Boxer na TVS zilizojaa vijiweni. Kwa maneno mengine, kampuni zinazolazimika kumfungia ABS mnunuzi wa kwao humuuzia dereva wa Rombo pikipiki isiyo nayo, mara nyingi yenye breki za ngoma mbele na nyuma.

Wapo wanaodai kuwa ABS haifai kwenye changarawe. Hoja hiyo ina ukweli wake, kwani gurudumu lililojifunga hukusanya kokoto mbele yake na kusaidia kusimama. Ndiyo maana pikipiki nyingi za safari ndefu huruhusu kuuzima mfumo huo nyuma. Lakini kwenye lami iliyolowa masika, gurudumu la mbele likijifunga, dereva huwa chini kabla hajajua kilichotokea.

Hatari huongezeka kwa anayezima injini mteremkoni ili kuokoa petroli. Kwa kufanya hivyo huitupa breki ya injini, iliyo bora kuliko zote alizonazo, na kuziachia ngoma mbili zilizopata moto uzito wa watu watatu hadi chini.